Maji meupe yaliyoziba chujio: historia inayotoka Hamburg mpaka Goma

Goma, Kivu ya Kaskazini. Leo siwaletei habari za mapigano wala za bei ya unga. Nawaletea habari ya ndoo.

Wiki iliyopita mama mmoja mhami, jina lake nalibakisha kwangu, alinionyesha ndoo mbili za plastiki zilizopandanishwa. Kati yake kuna chujio, kijipira cheupe chenye nyuzi nyingi ndani, kile ambacho mashirika ya misaada hugawia familia. Akaniambia: "Hii kitu ilikuwa imekufa. Mwanzo maji ilikuwa inashuka mbio, kisha ikaanza kutonya tone kwa tone. Nikatoboa na shindano. Sasa inashuka muzuri."

Nikamuuliza: "Mama, maji uliyokuwa unatia ilikuwa na matope?"

"Hapana baba. Ni maji ya ziwa, nyeupe kabisa. Hata ukitupa franga ndani ya bidoni, utaiona pale chini."

Alikuwa na furaha, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia palepale kwamba chujio lake lilikuwa limekufa kweli siku ile ya shindano, si kabla. Nilimwahidi kwamba nitaeleza kwa urefu, kwa sababu najua si yeye peke yake. Na swali lake ni la haki: namna gani maji meupe, yasiyo na tope hata punje, yanaweza kuziba chujio? Swali hilo hilo liliwasumbua mainjinia wa Ulaya na Marekani miaka mingi, wakiwa na mashine za pesa nyingi.

Tuanzie mbali kidogo, katika muji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Wakati ule Hamburg ilivuta maji ya mto Elbe na kuyagawa nyumbani bila kuyachuja. Pembeni yake, karibu kugusana, kulikuwa na muji mwingine, Altona. Watu wa Altona walikuwa na bahati mbaya zaidi ya mahali: walivuta maji ya mto uleule, lakini upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake wote. Kipindupindu kilipoingia mwezi wa nane mwaka ule, kila mtu angedhani Altona ndiyo itakayomalizika. Ikawa kinyume. Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000 ndani ya majuma machache. Altona ilipoteza mamia tu. Kuna sehemu ambapo mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati ya barabara: upande mmoja watu wanakufa, upande wa pili wako wazima.

Tofauti ilikuwa mchanga. Altona ilipitisha maji yake polepole ndani ya mabwawa yenye mchanga mnene, na daktari Robert Koch, yule aliyetambua kijidudu cha kipindupindu, alionyesha kwamba mchanga huo ndio uliowaokoa. Hamburg ilikuwa tayari inajenga chujio lake la mchanga, lakini ilikawia. Lilianza kazi mwaka 1893, makaburi yakiwa yamekwisha kujaa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo linanishangaza mimi mpaka leo. Mchanga peke yake, ukiwa mpya na safi, hauzuii vijidudu vizuri. Nafasi kati ya punje na punje ni kubwa mno; kijidudu cha kipindupindu kinapita kama mtoto anayepita mlangoni. Kinachofanya kazi ni utando wa utelezi unaojitengeneza juu ya mchanga baada ya siku au majuma: mwani, bakteria wasio na ubaya, mabaki ya majani, vyote vimeshikana kama ngozi. Wajerumani waliuita "Schmutzdecke", yaani blanketi la uchafu. Ngozi hiyo inakamata na kula vijidudu vibaya. Uchafu, kwa hiyo, ulikuwa mlinzi. Ukikwangua mchanga wako usafishike, ni lazima usubiri utelezi urudi kabla ya kuyaamini maji tena.

Lakini mchanga wa namna hiyo unataka nafasi kubwa na subira, na miji ilikua. Watu wakaanza kutafuta chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba kijidudu kisipite hata kikitaka.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mwaka 1748 Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, alifunga chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Kibofu kikavimba: maji yalikuwa yanaingia, pombe haitoki. Ngozi ya mnyama ilikuwa inachagua. Ilipita miaka mingi kabla mtu hajatengeneza ngozi ya namna hiyo kwa mikono. Richard Zsigmondy, aliyefanya kazi Göttingen nchini Ujerumani, alipata hati ya ugunduzi wa utando wa kuchuja, na akapewa tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925 kwa kazi yake juu ya vitu vidogo vinavyoelea ndani ya vimiminika.

Utando huo haukuanza kwa kutengeneza maji ya kunywa. Ulianza kwa kuyapima. Wakati wa vita vya pili vya dunia, miji ya Ujerumani ilipopigwa mabomu na mabomba ya maji kupasuka, wanasayansi walihitaji kujua upesi kama maji yanafaa. Waliyapitisha katika utando, bakteria wakabaki juu, kisha utando ukalazwa juu ya chakula chao na kuwekwa mahali pa joto. Kesho yake kila bakteria amekuwa doa unaloweza kulihesabu kwa jicho. Hamburg, muji uleule wa kipindupindu, ulikuwa kati ya sehemu kazi hiyo ilipofanyika. Baada ya vita Wamarekani walichukua ujuzi huo, ukaenea duniani. Ninyi mliopita kambini mmewahi kuona mtu wa maji mwenye kisanduku, anachota kwenye robine, anavuta maji kwa kijipampu cha mkono kupitia karatasi ya duara yenye mistari ya mraba: hiyo ndiyo kazi. Anatafuta kama kuna bakteria wa mavi ndani ya mililita 100. Jibu zuri ni sifuri.

Kwa kunywa, hatua kubwa ilifanyika California. Karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, pale chuo kikuu cha UCLA, walitengeneza utando wenye ngozi nyembamba sana juu na sifongo nene chini, ambao uliweza kutoa chumvi ndani ya maji kwa mwendo wa kufaa. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ulianza kunywa maji yaliyotolewa chumvi kwa njia hiyo. Wakati huohuo viwanda vilijifunza kutengeneza utando kwa umbo la nyuzi zenye shimo katikati, kama tambi. Nyuzi hizo ziliingia hospitali kwanza, katika mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Kile kijipira ndani ya ndoo ya mama wa Goma ni ndugu wa figo ya bandia.

Hapo ndipo matatizo ya maji meupe yalipoanza.

Maji ya mto au ziwa, hata yakionekana meupe, yamebeba vitu ambavyo jicho halioni. Majani yakioza msituni, mvua inayaosha na kutoa maji ya chai. Hiyo wataalamu wanaiita humusi. Mwani na bakteria nao wanatoa utelezi: minyororo mirefu ya sukari, pamoja na protini. Vyote ni vitu vilivyotoka kwa viumbe hai. Vimeyeyuka, au ni vidogo mno, hata vinapita kitambaa chochote utakachofunga juu ya ndoo. Vikifika kwenye utando wenye matundu madogo, vingine vinaingia ndani ya matundu na kushika kwenye kuta zake, vingine vinajipanga juu kama ugali uliokauka chunguni. Chokaa iliyomo ndani ya maji inasaidia kuviunganisha kimoja na kingine. Kisha bakteria wanakuja kula karamu hiyo na kujenga makazi. Matokeo ndiyo yale ya "kutonya tone kwa tone".

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani mkosaji mkubwa ni humusi, kwa kuwa ndiyo yenye rangi. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1990, walianza kuona kwamba ule utelezi wa sukari na protini, usio na rangi yoyote, mara nyingi ndio unaoziba zaidi. Na jambo la kukumbuka: tope la kawaida si adui mkali hivyo. Punje za tope ni kubwa, zinabaki juu, ukizisukuma kwa maji ya kurudi nyuma zinaondoka. Kitu kilichoyeyuka kinaingia ndani na kushika. Ndiyo maana mama yule alishangaa. Alikuwa anaogopa tope, na tope halikuwapo.

Sisi Wakongomani tungeweza kuwafundisha Wazungu jambo hili bila maabara. Yeyote aliyefika Mbandaka ameona mto Ruki unavyoingia katika mto Kongo. Maji ya Ruki ni meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, kwa sababu yanatoka katika misitu iliyolala ndani ya maji. Ukiyatia katika glasi hayana tope. Ni rangi tu, na rangi hiyo ni majani. Chujio la nyuzi litazuia bakteria wa Ruki, lakini rangi nyingi itapita, na ile itakayobaki itaanza kuziba.

Turudi Ulaya. Mwaka 1988 kijiji cha Amoncourt, Ufaransa, kilikuwa kati ya sehemu za kwanza duniani kunywa maji yaliyochujwa kwa utando wa matundu madogo, bila shida ya chumvi, kwa ajili ya vijidudu tu. Kilikuwa kiwanda kidogo. Kilichosukuma dunia nzima ni balaa la Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Muji ule unakunywa maji ya ziwa Michigan. Kijidudu kinachoitwa kriptosporidiumu kilipita katika chujio la mchanga la mwendo wa haraka, na klorini haikukiweza, kwa sababu kina ganda gumu. Watu karibu 403,000 waliugua tumbo. Muji tajiri, wenye mainjinia na pesa! Toka hapo viwanda vya utando vikaongezeka haraka, maana kijidudu kile kina upana wa maikroni 4 mpaka 6, na matundu ya utando ni sehemu ya kumi ya maikroni au chini ya hapo. (Maikroni 1,000 zinafanya milimita moja.) Hakiwezi kupita.

Kila kiwanda kipya kilikutana na utelezi. Walijifunza kusukuma maji kinyumenyume mara nyingi kwa siku. Walijifunza kuosha utando kwa klorini, kwa soda kali, kwa asidi ya limau. Walijifunza zaidi ya yote kuyatayarisha maji kabla hayajagusa utando. Kiwanda cha Méry-sur-Oise, karibu na Paris, kilichofunguliwa mwaka 1999 na chenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 140,000 kwa siku, kinatumia maji ya mto Oise, ambao una mabaki mengi ya mimea na mashamba. Utando wake ni wa matundu madogo zaidi, makusudi uzuie mpaka hayo mabaki yaliyoyeyuka. Lakini maji hayafiki pale moja kwa moja: yanatulizwa kwa dawa, yanapitishwa hewa ya ozoni na mchanga kwanza. Yaani mchanga wa Altona haukustaafu. Umekuwa mfanyakazi wa utando.

Kwa nini wajisumbue kuondoa majani yaliyoyeyuka? Kwa sababu nyingine tena. Mwaka 1974 mkemia wa Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorini ikikutana na humusi inatengeneza vitu vipya, kimojawapo klorofomu, ambavyo si vizuri kwa mwili ukivinywa kwa miaka na miaka. Hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa maana najua uvumi unavyokimbia mitaani kwetu. Hatari hiyo ni ya miaka mingi, na ni ndogo. Kipindupindu kinaua kwa siku moja. Asiwepo mtu atakayesema nimeandika kwamba klorini ya kambini ni sumu.

Na hapo tunafika nyumbani, mwaka 1994. Wenye umri wanakumbuka. Katikati ya mwezi wa saba, ndani ya siku chache tu, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kuingia Goma. Chini ni jiwe la volkano: huwezi kuchimba kisima, huwezi kuchimba choo, hata kaburi ni shida. Maji ni ya Ziwa Kivu, na kambi ya Kibumba iko mbali nalo, kamioni ndizo zilizopeleka. Juma la kwanza, maji yaliyosafishwa yalifika wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Ni chini ya glasi moja. Kipindupindu kikaja, kisha kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara.

Jeshi la Marekani lilileta mashine zake za utando, zile za kutoa chumvi, za jamaa ya Coalinga. Ni mashine za ajabu, zinaweza kugeuza maji ya bahari. Lakini Ziwa Kivu si bahari. Maji yake ya juu ni meupe na chumvi yake inavumilika. Kilichokosekana ilikuwa wingi, pampu kubwa, kamioni, matangi na klorini. Nadhani hilo ni somo ambalo hata leo wafadhili wengine hawajalimeza: kabla ya kuuliza chujio lina matundu madogo kiasi gani, uliza litatoa lita ngapi kwa watu wangapi. Kipimo ambacho mashirika yanafuata leo ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Wahami wetu wanajua wenyewe wanapata ngapi.

Vijichujio vya nyumbani vyenyewe vilipimwa hapahapa katika inchi yetu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha familia za vijiji vya Kongo zilizopewa chujio la nyuzi na familia zilizopewa chujio la bandia, bila wao kujua lipi ni lipi. Chujio la kweli lilisafisha maji vizuri. Hata hivyo watafiti hawakuweza kuthibitisha kwamba kuhara kulipungua, na sababu mojawapo ni nyepesi: watu waliendelea kunywa maji mengine, shambani, njiani, kwa jirani. Chujio linalotonya linamsukuma mtu kufanya hivyohivyo. Mtoto mwenye kiu hasubiri tone.

Basi, mama wangu wa ndoo mbili, na wengine wote wenye chujio la namna hiyo. Nyuzi zile zina ukuta mwembamba, na matundu yake ni madogo kuliko kijidudu cha kipindupindu. Ukitoboa na shindano, umefungua mlango mkubwa. Maji yanashuka mbio kwa sababu hayachujwi tena. Hakuna jinsi ya kulishona. Likianza kukawia, lisukume maji kinyumenyume: mengine yanakuja na kijipira cha kuminya, mengine na sirinji kubwa isiyo na ncha. Tumia maji yaliyokwisha kuchujwa, si ya bidoni chafu, maana utakuwa umeingiza uchafu upande ulio safi. Fanya hivyo mara kwa mara kabla halijaanza kukawia, kwa sababu utelezi uliokaa siku nyingi unakuwa gundi. Acha maji yatulie usiku kabla ya kuyachuja, na usichote pembeni ambapo mwani umejaa. Na unga wa mbegu za moringa ambao wengine wanasifu? Unashusha tope, ni kweli, lakini wenyewe ni mmea na unaacha mabaki yake ndani ya maji; maji hayo yanaharibika upesi, na chujio litayalipa.

Mahali ambapo kuna klorini, itumieni hata kama mna chujio. Kama maji yana rangi au tope, klorini inamalizika kwa kupigana na uchafu kabla ya kuwafikia vijidudu, ndiyo maana watu wa maji wanaongeza kipimo na kupima kiasi kinachobaki. Subirini nusu saa. Maji yetu ya ziwa yana ukali wa magadi, na katika maji ya namna hiyo klorini inafanya kazi polepole zaidi, kwa hiyo nusu saa si dakika kumi.

Jumamosi nilirudi kwa mama yule. Nilimweleza habari ya shindano, akanyamaza, akamtazama mtoto wake wa mwisho aliyekuwa amelala. Kisha akaniuliza kama wale waliomgawia chujio walijua hayo yote. Nikamwambia walijua. "Basi mbona hawakusema?" Siku ile ya mugawo, akasema, walipewa ndoo, chujio na karatasi yenye picha, na karatasi iliandikwa kwa Kifaransa. Aliitumia kuwashia moto.

Sasa ndoo zake anazitumia kwa kutuliza maji, na klorini anachukua kwenye kituo pale barabarani, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu.